Kabla Hujasafisha Rejista ya Windows

Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, hakosi mshauri. Wa kwanza atamwambia aipeleke kwa fundi ipigwe fomati. Wa pili atamwambia rejista imejaa takataka, kisha atamtajia programu ya bure ya kuisafisha. Programu hiyo nayo haikawii kumuunga mkono aliyeipendekeza: ndani ya dakika moja inaleta orodha ndefu ya makosa, yote yamepigwa rangi nyekundu, na chini yake kitufe kimoja kikubwa cha kurekebisha yote kwa mpigo. Ni wachache wanaojizuia wasikibonyeze.

Ushauri wangu: usikibonyeze. Rejista ya Windows haihitaji kusafishwa. Inahitaji kuwa na nakala iliyohifadhiwa, na anayeigusa awe anajua anatafuta nini. Uzito wa kompyuta karibu kila mara una chanzo kingine, nacho tutakifikia. Hata hivyo rejista si kitu cha kupuuzwa. Kuna sehemu zake chache ambazo kila mwenye kompyuta ya Windows anapaswa kuzijua, hasa yule anayechomeka flashi yake kwenye mashine za steshenari.

Rejista ni mahali ambapo Windows na programu zake huandika mipangilio yao. Humo mna jina la kompyuta, orodha ya madraiva ya kuwashwa, programu ipi ifungue faili la picha na ipi ifungue la maandishi, printa ipi ndiyo ya kawaida, na maelfu ya mambo mengine ambayo hutayasoma maisha yako yote. Zamani kila programu ilikuwa na faili lake dogo la INI, na Windows yenyewe ilikuwa na WIN.INI na SYSTEM.INI. Mafaili hayo yalizagaa kila folda na hayakuwa na namna ya kutenganisha mipangilio ya mtu huyu na yule. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilileta rejista ndogo kwa kazi chache tu. Windows NT ya mwaka 1993 na Windows 95 zikaipanua hadi ikawa ndiyo kumbukumbu kuu ya mfumo mzima.

Ukifungua kihariri chake, kiitwacho Regedit, upande wa kushoto utaona matawi matano yanayoanza na herufi HKEY. Usitishwe na wingi huo, kwani yaliyobeba mzigo ni mawili: HKEY_LOCAL_MACHINE, lenye mipangilio ya mashine nzima, na HKEY_USERS, lenye mipangilio ya kila mtumiaji. Mengine ni njia za mkato za kuyafikia hayo hayo. HKEY_CURRENT_USER, kwa mfano, ni ile sehemu ya HKEY_USERS inayomhusu mtu aliyeingia kwenye kompyuta wakati huo. Ndani ya matawi mna funguo, ambazo kwenye skrini huonekana kama folda, na ndani ya funguo mna thamani: nyingine maandishi, nyingine namba. Kwenye diski, yote haya yamo katika mafaili machache tu. SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT yako katika folda ya C:\Windows\System32\config, na kila mtumiaji ana faili lake la NTUSER.DAT ndani ya folda yake. Baadhi ya mafaili hayo yakiharibika, kompyuta haiwaki.

Imani kwamba rejista ikinenepa kompyuta inachoka haikuzuka hewani. Katika Windows 2000 na ndugu zake waliotangulia, rejista ilipakiwa kwenye sehemu ya kumbukumbu ya mfumo iliyokuwa finyu, na iliwekewa kikomo cha ukubwa. Ikikikaribia, mashine inaanza kulalamika. Windows 98 ilikuja na programu yake ya kukagua rejista kila kompyuta inapowashwa, kutunza nakala tano za karibuni, na hata kuibana nafasi ikihitajika. Fundi wa enzi hizo, mwenye mashine ya RAM ya megabaiti 64, alikuwa na haki ya kuhangaikia ukubwa wa rejista. Kisha ikaja Windows XP mwaka 2001, na kile kikomo kikaondolewa pamoja na namna ile ya kuipakia. Sababu ikaisha, ushauri ukabaki. Umepokezwa kutoka fundi hadi mwanafunzi wake, na leo unatolewa kwa sauti ile ile kwa mtu mwenye RAM ya gigabaiti nane.

Tazama hesabu yake. Programu inapotaka kitu kwenye rejista haisomi rejista yote. Inataja njia kamili, tawi hadi ufunguo hadi thamani, na Windows inafuata njia hiyo moja kwa moja. Funguo zilizoachwa na programu uliyoiondoa mwaka juzi ziko kwenye njia nyingine ambayo hakuna anayeipita. Ukifuta kwenye simu yako namba za watu mia mbili usiowapigia, simu kwa mama haitaunganishwa haraka zaidi. Hata ukipima kwa ukubwa, mambo ni hayo hayo: faili la SOFTWARE peke yake kwa kawaida lina makumi ya megabaiti, wakati mabaki mia tano yaliyofutwa huenda yasifikishe megabaiti moja. Na faili halipungui papo hapo ukifuta. Nafasi iliyoachwa inabaki wazi ndani yake ikisubiri maandishi mapya.

Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri mapema ni Mark Russinovich, mmoja wa waasisi wa Sysinternals, mkusanyiko wa zana za uchunguzi ambao Microsoft iliununua mwaka 2006. Aliandika mwaka 2005 kwamba mabaki kwenye rejista ni sehemu ya maisha ya Windows na kwamba athari yake kwa kasi ni ndogo mno. Microsoft yenyewe iliwahi kutoa kisafishaji chake katika miaka ya 1990, RegClean, kisha ikakiondoa. Sera yake ya leo iko wazi: haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista, na haitoi hakikisho kwamba matatizo yanayoletwa nazo yatarekebishika bila kusakinisha Windows upya.

Tatizo la visafishaji ni kwamba vinakisia. Kikikuta ufunguo unaotaja faili lisilokuwepo, kinasema ni takataka. Lakini huenda faili hilo liko kwenye diski ya nje ambayo hukuichomeka siku ile, au kwenye seva ya ofisini wakati wewe uko nyumbani. Mara nyingi kinapatia. Mara moja kikikosea, programu yako ya uhasibu inadai leseni upya, au printa inagoma, na kwa kuwa siku tatu zimepita hutakumbuka kabisa kulihusisha tatizo na kile kitufe. Umejitwika hatari kwa faida ambayo haipo.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya kumpa mgeni funguo za nyumba nzima, maana kisafishaji hakiwezi kufanya kazi bila ruhusa za msimamizi. Tarehe 15 Agosti 2017 lilitoka toleo la 5.33 la CCleaner, programu maarufu kuliko zote za aina hii, likiwa na saini halali ya kampuni yake. Ndani yake mlikuwa na kirusi kilichopachikwa na wavamizi walioingia kwenye mitambo ya watengenezaji. Avast, iliyokuwa imeinunua kampuni hiyo mwezi uliotangulia, ilisema watumiaji milioni 2.27 waliathirika. Kirusi hicho kilihifadhi taarifa zake wapi? Kwenye rejista, chini ya ufunguo wenye jina la kampuni iliyotengeneza kisafishaji. Aliyepakua programu ya kuondoa takataka aliwekewa takataka kwenye chumba kile kile alichokuja kukisafisha.

Huo ulikuwa uvamizi, si nia ya watengenezaji. Wapo ambao nia yao yenyewe ndiyo tatizo. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com, ya kwanza ilipe dola milioni 25 na ya pili milioni 10. Programu yao ya kukagua afya ya kompyuta ilimuuliza mteja maswali machache, kwa mfano kama mashine yake ni nzito, na akiweka alama hata kwenye jibu moja tu, inatangaza kwamba imeona dalili za virusi, bila kujali ukaguzi wenyewe umekuta nini. Machi 2024 tume hiyo hiyo ikatangaza makubaliano ya dola milioni 26 na kampuni za Restoro na Reimage, zilizodaiwa kuwatisha watu kwa madirisha yaliyojifanya yametoka Windows ili wanunue huduma ya kukarabati. Ukiona mahali popote programu inayokuhesabia makosa bure na kukutoza ili iyafute, ifunge.

Basi kompyuta inakuwa nzito kwa nini? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha uangalie safu ya diski. Ikiwa inasoma asilimia 100 hata kama hujafungua kitu, na diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, umeshampata mchawi. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zilitengenezwa na diski za aina hiyo. Kuibadilisha kuwa SSD ndiyo matengenezo pekee ninayoweza kumwahidi mtu kwamba atayaona kwa macho, na kwa fundi yeyote wa Kariakoo au Luthuli ni kazi ya muda mfupi. Ikiwa safu iliyojaa ni ya kumbukumbu, ongeza RAM au punguza idadi ya kurasa unazofungua kwenye Chrome. Humo humo kwenye Task Manager unaweza kuona kitu kinachoitwa Registry kikitumia kumbukumbu kiasi. Kilianza kuonekana katika Windows 10 toleo la 1803. Si kirusi, ni rejista yenyewe, kiache.

Kisha fungua ukurasa wa Startup, uliomo humo tangu Windows 8. Hapo utaona programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta: kichezeshi cha muziki, kisasishaji cha printa uliyoiuza, programu tatu za mikutano. Zima usizozihitaji. Hapa kwa mara ya kwanza unaigusa rejista kwa faida halisi, ingawa hujafungua Regedit, kwa sababu nyingi ya programu hizo zimeandikwa kwenye funguo ziitwazo Run, ambazo tutarudi kwazo.

Jambo moja dogo ambalo watu hulikosa. Tangu Windows 8, ukichagua kuzima, katika kompyuta nyingi mfumo hauzimiki kikamilifu. Kiini chake huhifadhiwa kwenye diski ili uwake haraka kesho. Mtu anaweza kuzima na kuwasha mwezi mzima bila kuanza upya hata siku moja. Chagua Restart walau mara moja kwa wiki. Haigharimu chochote, na inaondoa mikwaruzo mingi ambayo watu huisingizia rejista.

Sasa nakala. Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda, kwa sababu hapa ndipo utunzaji wa rejista ulipo. Kwa miaka mingi Windows ilikuwa ikijinakilia mafaili ya rejista kwenye folda iitwayo RegBack, na mafundi wengi waliokoa kompyuta kwa kuyarudisha kutoka huko. Tangu Windows 10 toleo la 1803, la mwaka 2018, utaratibu huo ulizimwa. Microsoft ilieleza kwamba ilitaka kupunguza nafasi ambayo Windows inakula kwenye diski. Folda ipo, mafaili yanaweza kuwepo, ila yana ukubwa wa sifuri. Wapo mafundi ambao hadi leo wanalijua jambo hili siku kompyuta ya mteja imeshakataa kuwaka.

Kinachotegemewa badala yake ni vituo vya kurejea, na katika kompyuta nyingi utavikuta vimezimwa. Andika maneno Create a restore point kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua, chagua diski C, bonyeza Configure, washa ulinzi, na uutengee asilimia tano hivi za diski. Kisha bonyeza Create, ukipe kituo jina lenye maana, kama vile kabla ya kuweka draiva ya printa. Kituo cha kurejea hutunza rejista, mafaili ya mfumo na madraiva. Hakitunzi picha wala barua zako, kwa hiyo kisikufanye uache kunakili kazi zako kwenye diski ya nje.

Kwa mabadiliko madogo kuna nakala ya ufunguo mmoja. Ndani ya Regedit simama juu ya ufunguo unaotaka kuugusa, nenda kwenye menyu ya File, chagua Export, na uhifadhi faili linalomalizikia kwa reg. Likihitajika, libonyeze mara mbili nalo litarudisha yaliyokuwemo. Kuna mtego hapa ambao maelezo mengi hayautaji: faili hilo huchanganya, halibadilishi. Thamani ulizozifuta au kuzihariri zitarudi zilivyokuwa, lakini zile mpya ulizoziongeza baada ya kunakili zitabaki palepale, na itabidi uzifute kwa mkono. Kumbuka pia kwamba Regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua. Unachokiandika kimeshaandikwa.

Na umeme? Swali hili lina haki yake kwa sisi tunaoishi na mgao. Windows haiandiki mabadiliko ya rejista moja kwa moja kwenye faili kuu. Huyaandika kwanza kwenye mafaili ya kumbukumbu ya pembeni, yale yanayoishia na LOG1 na LOG2 ndani ya ile folda ya config, na kompyuta ikiwaka tena baada ya kuzimika ghafla huyasoma hayo na kukamilisha kilichokatika. Ndiyo maana kompyuta ya mezani inaweza kuzimiwa umeme mara nyingi na bado ikawaka. Kinga hiyo ni nzuri ila si ya milele, hasa diski ikiwa imeanza kuchoka. Kwa mashine ya mezani, UPS ndogo inayokupa dakika tano za kuzima kwa utaratibu ni matunzo bora ya rejista kuliko kisafishaji chochote utakachokinunua. Usiyafute mafaili hayo ya LOG hata kama mtu amekwambia ni takataka.

Nilisema tutarudi kwenye funguo za Run. Ziko mbili za kukumbukwa: Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run chini ya HKEY_CURRENT_USER, na njia hiyo hiyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Kila thamani iliyoandikwa humo ni programu itakayowaka unapoingia. Virusi vinapapenda. Kile kirusi cha flashi kinachojulikana na kila mwanafunzi wa chuo, kinachoficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale, kwa kawaida huwa ni hati ndogo inayoendeshwa na programu halali ya Windows iitwayo wscript.exe, nacho hujiandika kwenye Run ili kiamke kila siku. Windows 7 iliacha kuendesha programu za flashi zenyewe zenyewe, na mwaka 2011 Windows XP na Vista zilipelekewa sasisho la namna hiyo, lakini kirusi cha njia za mkato hakihitaji huruma hiyo. Kinamngoja mtu abonyeze folda yake mwenyewe.

Mpangilio wa kazi hapa ni muhimu kuliko zana. Wengi wanaanza na flashi: wanaendesha amri ya attrib, folda zinarudi, wanafurahi, na dakika mbili baadaye zimejificha tena kwa sababu kompyuta yenyewe bado ina kirusi. Anza na kompyuta. Chomoa flashi. Kwenye Task Manager simamisha wscript.exe kama inaendeshwa. Fungua Regedit, nenda kwenye zile funguo mbili za Run, utafute thamani inayotaja faili la vbs au js lililofichwa kwenye AppData au Temp, unakili ufunguo kwa Export, kisha ufute thamani hiyo peke yake. Angalia pia folda ya Startup. Halafu endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaofanyika kabla Windows haijawaka na kwa hiyo kirusi hakina pa kujifichia. Hapo ndipo uchomeke flashi, na kama imepewa herufi E, uandike kwenye dirisha la amri: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ufute njia za mkato. Usifute folda zako kwa hasira. Ni zile zile, zilifichwa tu.

Virusi vingine hujifungia mlango. Unataka kufungua Task Manager unaambiwa imezuiwa na msimamizi, ilhali msimamizi ni wewe. Kufuli hilo ni thamani mbili tu, DisableTaskMgr na DisableRegistryTools, zilizoandikwa chini ya Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Kwa kawaida ziko upande wa HKEY_CURRENT_USER, kwa hiyo akaunti nyingine ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo hiyo huwa haina kufuli, na unaweza kuanzia huko. Lakini kama kompyuta ni ya ofisi au ya shule, kufuli hilo huenda limewekwa kwa makusudi na mtu anayelipwa kuliweka. Muulize kabla hujalivunja.

Mahali pengine pa kuangaliwa ni ufunguo wa Winlogon, ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion. Thamani ya Shell inapaswa kusema explorer.exe na si zaidi. Ya Userinit inapaswa kutaja C:\Windows\system32\userinit.exe ikifuatwa na koma. Kirusi kikiweka jina la faili lake mahali pa userinit, kisha antivirasi ikafuta faili hilo bila kurekebisha thamani, matokeo yake ni kioja: unaingiza nywila, Windows inakukaribisha, na papo hapo inakutoa nje. Kompyuta ya namna hii hupigwa fomati kila siku na mafundi wasiojua, wakati tiba yake ni kurudisha mstari mmoja.

Anayetaka kuona yote yanayojiwasha, zaidi ya Task Manager inavyoonyesha, apakue Autoruns ya Sysinternals kutoka tovuti ya Microsoft. Ni bure. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuondoa alama kwenye kisanduku badala ya kufuta, ukaanza kompyuta upya, ukaona kama kuna kilichoharibika, na ukairudisha alama. Ifundishe mikono yako tabia hiyo ya kuzima kwanza.

Je, kuna mabadiliko ya rejista yanayofaa kufanywa na mtu wa kawaida? Yapo, machache. Jina la programu iliyoondolewa likibaki kwenye orodha ya programu na kukataa kufutika, lipo chini ya Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall, au chini ya WOW6432Node ikiwa ni programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64. Nakili, futa ufunguo huo mmoja, basi. Anayetaka menyu zifunguke upesi anaweza kupunguza MenuShowDelay, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, kutoka 400 hadi 100. Hizo ni milisekunde. Utahisi wepesi, ingawa kompyuta haijaongezeka kasi hata kidogo, na sioni ubaya wa kujidanganya hivyo.

Mfano mzito zaidi ni Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za wasomaji wetu hazitimizi masharti ya toleo jipya. Microsoft yenyewe iliwahi kuchapisha thamani ya rejista, AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU, inayoruhusu kupanda toleo kwenye mashine yenye TPM (chipu ya usalama) ya zamani au prosesa isiyo kwenye orodha, kisha baadaye ikayaondoa maelezo hayo. Njia hiyo haina dhamana, na kampuni haikuahidi kwamba mashine kama hizo zitaendelea kupata masasisho. Mtu akiniuliza, namwambia aifanye kwenye kompyuta ya nyumbani aliyokwisha kunakili kila kitu chake, na asiifanye kwenye mashine ya duka au ya zahanati.

Faili la reg ulilotumiwa na rafiki au kulikuta mtandaoni usilibonyeze mara mbili. Lifungue kwanza kwa Notepad. Ni maandishi ya kawaida na yanasomeka. Ukiona mstari wenye alama ya kutoa mbele ya jina la ufunguo, ujue unafuta ufunguo mzima na vilivyomo. Ikiwa faili lina mistari mia nne na limeahidi kuongeza kasi ya intaneti, halina lolote la kukusaidia. Nasema hivyo hivyo kuhusu zile Windows zilizopunguzwa ambazo baadhi ya mafundi huziita nyepesi. Aliyezipunguza amezima vitu kwenye rejista bila kukuachia orodha, mara nyingi pamoja na Defender na masasisho, na siku kitu kikikataa hakuna atakayejua kilikatwa wapi.

Ikiwa uharibifu umeshatokea na Windows bado inawaka, fungua dirisha la amri kwa ruhusa za msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza uandike sfc /scannow. Ya kwanza hupakua kutoka Microsoft, kwa hiyo hakikisha bando linatosha. Hizo hurekebisha mafaili ya mfumo. Kwa rejista iliyoharibika tegemea kituo cha kurejea. Kama haiwaki kabisa, iache ishindwe kuwaka mara mbili tatu mfululizo nayo itafungua yenyewe mazingira ya ukarabati. Ndani yake, kwenye chaguo za ziada, mna System Restore.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zao kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na mazingira ya ukarabati yanaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukuruhusu kuigusa diski. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ingia leo, wakati kompyuta ni nzima, uuchapishe pale steshenari au uuandike kwenye daftari, na usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyo hiyo.